Guangzhou–Maskati

Alipanda ngazi hadi ofisini kwetu, juu ya duka la matairi,
akashika kitasa kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.
Bi Kaltuma Marjan, wa Bombo.
Mkobani ukili wa kawa, umeviringishwa,
ncha yake nyekundu ikichungulia, haijamalizika.

Sikuja kununua, alisema. Nimekuja kuuliza.
Guangzhou mpaka Maskati ni mbali gani?

Nimeuza tiketi hapa Kampala miaka tisa.
Majiji ninayajua kwa herufi tatu tatu,
mwenyewe sijapanda hata ndege ya Arua.
Watu huniuliza Entebbe mpaka kule.
Hakuna aliyewahi kuniuliza kule mpaka kule.

Mastura yuko Maskati, akasema, nyumbani kwa watu.
Doka yuko Guangzhou, hununua vifuniko vya simu kwa kilo.
Tangu wiki ya pili baada ya Idi Mastura hapokei.
Nikamwambia Doka, wewe na dada yako mko bara moja,
vuka basi, ukamjulie hali.
Akacheka.
Kisha akanyamaza, na salio likakatika.
Sijui alicheka nini. Nieleze wewe.

Kwake Asia ilikuwa Bombo na Wobulenzi:
unatoka baada ya adhuhuri na bakuli chini ya kawa,
unafika wali bado unafuka.

Nikabonyeza. Mashine ikafikiri.
Kilomita elfu tano na mia tano na ushei, nikasema.
Elfu tano ndiyo nini?
Nikatafuta cha kulinganisha, nikapiga hesabu pembeni mwa risiti:
Bombo mpaka hapa, mama, kwenda na kurudi, mara themanini.
Akatazama viatu vyake, vumbi la leo tu.
Themanini, alisema. Ningezimaliza,
kama ni nchi kavu.

Kunyamaza kulikuwa kugumu, nikaendelea.
Ndege ikiwa ya moja kwa moja, ni saa nane hivi hewani.
Lakini akiondoka Guangzhou saa mbili usiku
atafika Maskati saa sita usiku uleule.
Akahesabu kwa vidole, akarudia, akanikazia macho
kama muuza nyama aliyepunjwa kwenye mzani.
Hizo nne nyingine amezila nani?
Hakuna, mama. Amepewa. Jua la kule linachelewa.
Na akirudi?
Akirudi anazilipa.

Basi ni karibu, alisema.
Kwenda kwa dada yake ni karibu. Kurudi ndiko mbali.

Sikumtajia viza.
Sikumtajia geti, wala mwenye nyumba
anayeziweka pasi za watu kwenye sanduku lenye namba.
Mashine ina safu ya mzigo, safu ya chakula,
safu ya kiti cha dirishani. Safu ya geti haina.

Ukutani saa yetu ilisema saa nne asubuhi.
Kwa Mastura ni saa tano: anapiga deki, au hapigi.
Kwa Doka ni saa tisa, anabishana bei kwa kikokotoo.
Na hapa mama yao, katikati ya saa tatu zisizosalimiana,
alitoa ukili, akafunga fundo, akafunga la pili,
mpaka manane, bila kuniangalia.

Nichapie, alisema. Nimwoneshe mume wangu kwamba njia ipo.
Nikamwuliza kama ninavyowauliza wote, kwa mazoea,
mkono tayari juu ya kitufe:
abiria mmoja? kwenda na kurudi?

Kwenda mmoja, alisema Bi Kaltuma.
Kurudi wawili.

Mashine haikubali hesabu hiyo.
Alipokwisha kushuka ngazi nilijaribu tena,
na jioni, kabla ya kuzima taa, tena.